Moja Bado Iko Njiani

Nesi Tumpale alizungushia viganja kikombe cha chai
kabla hajakigusa kinena cha mwanangu.
Isyonje asubuhi ile sakitu ilikuwa imelala juu ya viazi,
na mkono wa baridi, alisema, huzitorosha.
Akapapasa kushoto: ipo.
Akapapasa kulia: mfuko mtupu,
umenywea kama kiroba kilichokwisha mbegu.
"Baba Anyambilile, usishike tama.
Moja imefika. Moja bado iko njiani."

Njiani kutoka wapi?
Mimi nilijua mtu huzaliwa navyo palepale,
kama masikio.

Akageuza kadi ya kliniki, akachora mgongoni mwake
kwa kalamu ya bluu inayokwamakwama:
maharage mawili makubwa, ndizo figo,
na mawili madogo yamejibanza kando.
"Kende zinaanzia huku juu.
Wiki ya sita hazijaamua, zingeweza kuwa za binti.
Wiki ya nane zimekwisha amua,
na mama yake pengine bado anahesabu siku kwa vidole."

Chini ya kila moja akachora ugwe.
"Huu hauvuti, kama unavyodhani.
Haurefuki tu.
Mtoto anarefuka, mgongo unapanda, figo zinapanda,
kende imefungwa palepale.
Ukitazama utasema imeshuka."

Nikamkumbuka kaka yangu Ambakisye.
Tulihamia mjini sote, tukajenga kwa bati,
yeye akabaki na pareto ya baba.
Tulisema kaka ameshuka.

"Halafu zinakaa mlangoni mwa kinena, miezi,
mpaka mwezi wa saba."
Zinakaa zikifanya nini?
"Zinangoja."
Kama sisi na magunia yetu pale barabarani,
fuso limesema linakuja, halijasema lini.
Kisha ugwe unavimba, unapanua kichochoro,
kende inapenya nyuma yake, taratibu, inaburuta mshipa wake wa damu,
na mwezi wa tisa ukikaribia kwisha
imelala mfukoni, nje ya nyumba.

"Nje kufuata nini? Ndani kuna joto."
"Joto ndilo zinalolikimbia," akasema,
akamfunika mtoto vitenge viwili na sweta.

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.
Huku kwetu anayeshuka hufuata joto:
shangazi alishuka Kyela kwa ajili ya magoti yake,
vijana hushuka Usangu msimu wa mpunga,
wanarudi na homa na simu mpya.
Mwanangu amezaliwa na mlima uliopinduliwa,
juu jua, chini ukungu.

Mama yake hakucheka.
Alikwisha sikia neno kisimani, "nusu dume",
na aliyelisema ni wifi yake.
Usiku akaniuliza kama ni yale magunia aliyobeba,
ule mwezi wa saba, mvua, fuso halikuja.
Nilimwambia hapana, nesi amesema hapana.
Sikuwa nimemuuliza nesi.

Nakumbuka darasa la sita mpira ulinipiga pale,
maumivu yakapanda hadi juu ya kitovu.
Nilidhani nimepasuka tumbo.
Kumbe yalikuwa yakirudi kwao.
Mshipa wa damu hata leo unatokea kule juu,
karibu na figo, haukuhama.

Akifikisha miezi sita na bado ni moja,
tutashuka Mbeya, Hospitali ya Rufaa;
daktari atakata padogo, ataivuta, ataishona mahali pake.
Nauli nimeiweka ndani ya debe la mahindi.

Leo ana miezi mitano na siku kumi.
Kila jioni napasha viganja kwenye sufuria la uji,
mama yake ananitazama, hasemi.
Jana niligusa kitu kinenani,
kidogo kama njegere,
kikateleza, kikarudi.
Sijamwambia mtu.
Nilimwinamia tu mtoto nikamnong'oneza:
polepole, baba, njia ina utelezi.